Sarafu Haibadiliki, Kinachobadilika ni Kipimo

Toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu zile mashine ndogo za pipi: tungi la plastiki juu, mpini wa kuzungusha chini, mtoto anatia sarafu, anazungusha, pipi zinamwangukia mkononi. Aya ile imeniletea barua kutoka Unguja na Pemba, na nyingi zinauliza mambo yale yale mawili, nitie nini na niuze kwa kiasi gani. Mashine hizi ninazo Chake Chake na Mkoani, na kabla yake nilikuwa nauza pipi kwa jumla, kwa hiyo najibu kwa kazi ninayoifanya.

Assalamu alaykum Shangazi. Kaka yangu aliyeko Dubai kanitumia mashine tatu za pipi ndani ya kontena la jamaa zetu. Zimefika Wete salama. Nataka kuziweka kituo cha gari na karibu na skuli. Nitie pipi gani na niuze bei gani? Wengine wananambia nianze na shilingi mia, wengine mia tano.
Kijana wa Wete

Wa alaykum salaam, mwanangu. Umeanza na pipi ukamalizia na bei. Anza na bei, kwa sababu katika biashara hii bei imo ndani ya chuma tayari.

Fungua kichwa cha mashine utoe kile kisanduku chenye tundu la sarafu na mpini. Kimetengenezwa kwa sarafu moja tu. Hakisomi maandishi wala picha, kinapima upana na unene. Sarafu ikikaa sawasawa inaachia kufuli na mpini unazunguka, isipokaa mpini hauendi. Mashine ikitoka Dubai, aghalabu kisanduku hicho ni cha dirhamu moja. Usikwangue tundu kwa tupa ili sarafu yetu ipite, maana ukishalipanua, washa ya fundi baiskeli nayo itapita. Agiza visanduku vipya kwa kipimo cha sarafu utakayoitumia. Wauzaji wa mashine hizi huvitengeneza kwa sarafu za nchi mbalimbali, ukiwapelekea sarafu yenyewe au vipimo vyake.

Sasa sarafu ipi? Tunazo tatu za kufikiria: mia yenye picha ya Mwalimu Nyerere, mia mbili yenye Mzee Karume na simba nyuma yake, na mia tano yenye Mzee Karume na nyati, ile iliyoingia mwaka 2014 kuchukua nafasi ya noti. Kwa pipi za kumimina mimi nasema mia mbili, na nitakueleza kwa nini nisiseme mia.

Chini ya tungi kuna gurudumu la chuma au plastiki lenye vyumba. Chumba kimoja kikipita juu ya tundu, kilichomo kinashuka. Ukubwa wa chumba unaurekebisha kwa skrubu au kwa kusogeza kibao, na huo ndio uwezo pekee ulionao juu ya bei. Muuza duka kilo ikipanda huongeza shilingi hamsini. Wewe huwezi, sarafu ni ile ile. Utakachokigusa ni kiasi kinachoshuka.

Chukua pipi ndogo za sukari, zile za rangi zenye uzito wa gramu moja hivi kila punje. Ukiuza kwa mia, na kilo ikiwa ghali kama ilivyo sasa, utalazimika kupima gramu nne, yaani punje nne. Lakini gurudumu halihesabu, linakomba. Mara litakomba tatu, mara tano. Mtoto wa kwanza anapata tatu, ndugu yake nyuma yake anapata tano kwa sarafu ile ile, na hapo ugomvi umeshaanza mlangoni kwako, na mkubwa aliyesimama kando anaona kabisa kwamba mmoja kapunjwa. Ukiuza kwa mia mbili na kupima gramu nane, punje moja ikizidi au ikipungua haiumizi sana. Kadiri punje zinavyokuwa ndogo na nyingi ndivyo haki inavyokaribia.

Hili nalishikilia kwa nguvu. Mtu mzima akipimiwa vibaya sokoni atasema, atarudisha, atagomba. Mtoto wa miaka saba mbele ya mashine hana wa kumwambia. Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa ole kwa wanaopunja vipimo, na mimi sioni gurudumu la mashine likitoka nje ya aya hiyo kwa kuwa linazungushwa na mnunuzi mwenyewe. Aliyelirekebisha ni wewe.

Hesabu ifanye hivi. Tuseme kilo umeinunua kwa shilingi 8,000. Kwa gramu nane kila mzunguko, kilo inatoa mizunguko 125, nayo kwa mia mbili ni 25,000. Mwenye mahali mpe sehemu yake, tuseme 5,000. Umebaki na 12,000, na hapo hujatoa nauli, pipi zilizoharibika na skrubu zilizoota kutu. Mimi sikubali bidhaa inile zaidi ya theluthi ya sarafu, na hapo 8,000 katika 25,000 ni chini kidogo ya theluthi. Kilo ikipanda hadi 10,000, punguza kipimo kiwe gramu saba. Utapata mizunguko 142, yaani 28,400, na bidhaa imekula kidogo zaidi ya theluthi, unaweza kuvumilia. Ikipanda tena, usiende gramu sita wala tano. Badilisha bidhaa. Mtoto anajua hesabu ya kiganja chake, na siku atakapoona kiganja hakijai haji tena.

Kurekebisha gurudumu kunataka mizani. Zungusha mara kumi, weka zote kwenye mizani ya jikoni, gawa kwa kumi. Na kila ukibadilisha bidhaa, pima upya, kwa sababu chumba kilichotoa gramu nane za sukari hakitatoa gramu nane za njugu. Halafu weka daftari: kilo moja ikishuka, sarafu 125 ziwemo sandukuni. Ukikuta 110, gurudumu linamwaga, au ile brashi ndogo iliyo juu ya tundu imelegea na pipi zinapenya bila malipo.

Sasa ndiyo tuje kwenye pipi, na hapa hewa ya kwetu ndiyo inayochagua.

Chokoleti iache. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, na tungi la plastiki linalopigwa na jua la kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, linavuka hapo mapema asubuhi. Hata zile chokoleti zilizovishwa ganda la sukari, ganda linabaki na umbo lakini linapasuka na mafuta yanatoka, na gurudumu zima linakuwa tope. Kama una mahali pa kiyoyozi, sawa. Kituo cha gari Wete si pahala pake.

Wengi wanakosea kwenye pipi ngumu. Wanadhani kwa kuwa ni ngumu basi ni imara. Ile pipi inayong'aa na kupenyeza mwanga, iliyochemshwa ikamwagwa, ikiwa haina karatasi inavuta unyevu hata wa hewa tunayoiona kavu. Inaanza kunata juu, zinashikana mbili mbili, kisha tungi zima linakuwa bonge moja. Lakini pipi iliyovishwa sukari taratibu kwenye pipa linalozunguka, ikapigwa nta mwishoni, ganda lake ni sukari iliyoganda chembe chembe, nayo haivuti maji mpaka unyevu wa hewa ufike karibu asilimia 85. Kwetu usiku wa masika unafika, lakini siku nyingi za mwaka hatupo hapo. Kwa hiyo tafuta zilizovishwa na kupigwa nta, siyo zilizochemshwa.

Chingamu za duara ndizo rafiki mkubwa wa mashine. Zimevishwa vile vile, zinashuka moja kwa sarafu moja, hakuna anayepata tatu wala tano. Kubwa za kawaida zina kipenyo cha sentimita mbili na nusu karibu, na kasha la jumla huwa na 850. Tuseme kasha umelipata kwa 55,000, kila moja imekusimamia shilingi 65, na kwa mia mbili bado uko ndani ya theluthi. Utahitaji gurudumu lake lenye matundu ya duara, halipo kwenye kila mashine, liulizie. Na hizi usiziweke kwenye skuli ya maandalizi. Duara la ukubwa ule linaweza kuziba koo la mtoto mdogo, na njugu nzima nazo zina hatari hiyo hiyo kwa walio chini ya miaka mitano. Kituo cha gari ndipo pahala pake.

Njugu zilizovishwa sukari zinauzika sana, na kwa kilo ni rahisi kuliko pipi za nje. Lakini njugu zina mafuta, zinachacha, na zikikaa na unyevu zinaota ukungu, na ukungu wa njugu ndio unaoleta sumukuvu. Nunua kidogo kidogo kwa mtu unayemjua, onja kila mfuko, tia zinazokwisha ndani ya wiki mbili. Njugu za chumvi usitie kabisa, chumvi inakula chuma, na hewa ya bahari tunayo ya kututosha.

Usijaze tungi. Nusu inatosha, hata chini ya nusu wakati wa masika. Ukitaka kuongeza, toa kwanza za zamani, futa tungi kwa kitambaa kikavu, tia mpya chini na za zamani juu yake. Hapana, si kinyume chake: gurudumu linakomba katikati na pembeni kwa namna yake, na za zamani zikiwa juu utaziona zikishuka siku hadi siku, ukijua zimekwisha. Zikiwa chini pembeni zitakaa miezi na hutazijua. Chini ya kifuniko bandika kifuko cha kukausha unyevu, kikazwe pasipofikiwa na pipi. Na mguu wa mashine upake mafuta mazito ya mgando kwa duara zima, sisimizi hawapandi.

Kwa hiyo mashine zako tatu: moja chingamu kituoni, moja pipi ndogo zilizovishwa karibu na skuli ya msingi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Ya tatu iache ndani mpaka umeona daftari la zile mbili linasema nini. Na kabla hujatoa hata moja nje, pita Baraza la Mji kwa leseni, na ofisi ya Wakala wa Chakula na Dawa uwaonyeshe unauza nini.

Shangazi, mimi natengeneza ubuyu nyumbani Jang'ombe, wa iliki na pilipili manga, na wageni wanausifu. Nimeona mashine za pipi nikawaza, kwa nini zijae pipi za kutoka nje wakati ubuyu wetu upo? Naweza kuutia?
Mama wa Ubuyu, Jang'ombe

Dada yangu, barua yako imenifurahisha kuliko zote, na ndiyo iliyonikalisha usiku nikifikiri.

Ukiumimina ndani ya tungi kama ulivyo, hapana. Ubuyu wetu wa Unguja unapikwa na sukari na rangi mpaka punje zinapakaa vizuri, na utamu wake uko kwenye ule unyevu kidogo unaobaki. Unyevu huo ndani ya gurudumu ni gundi. Ukiukausha kabisa, ule unga unaozunguka mbegu unapukutika, unaingia kwenye meno ya gurudumu, unakutana na hewa ya bahari, na baada ya siku chache mpini hauzunguki. Fundi atakuja, atafungua, atakuta udongo mwekundu.

Lakini kuna mashine ya aina nyingine, kubwa kidogo, inayotoa mayai ya plastiki yanayofunguka katikati. Nje wanatia vitu vya kuchezea ndani yake. Wewe tia ubuyu. Yai moja, pima moja, sarafu moja ya mia tano. Hakuna kunata, hakuna kukomba, kila mteja anapata sawa na mwenzake kwa sababu wewe ndiye uliyepima, kwa mkono wako, kwenye mizani yako.

Bei hapa inahesabiwa tofauti, kwa sababu yai lenyewe lina gharama. Hesabu ubuyu, hesabu yai, hesabu muda wako wa kujaza. Watu wanausahau muda. Ukijaza mayai mia kwa saa moja na nusu, saa hiyo ina thamani, iandike. Kisha punguza gharama ya yai kwa kuyarudisha: weka kikapu kando ya mashine, "Rudisha yai", na anayerudisha matano mpe moja lililojaa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na itakuwa aibu sisi wafanyabiashara wa chakula tuje tutapakaze mayai ya plastiki Forodhani. Yaliyorudi yaoshe kwa maji ya moto na sabuni, yakauke kabisa, kabisa, kabla ya kutia ubuyu mwingine. Na kabla hujanunua yai la kwanza, muulize muuzaji kama plastiki yake inafaa kugusa chakula. Yale yaliyotengenezwa kwa vitu vya kuchezea huenda hayafai, na ubuyu una ukali wake, si kitu cha kukaa ndani ya plastiki yoyote tu. Njia salama zaidi ni kuufunga kwanza kwenye karatasi ya kufungia chakula, kisha uingie ndani ya yai.

Ndani ya kila yai tia kikaratasi kidogo: umetengenezwa wapi, tarehe gani, una nini ndani. Mtalii akisimama Forodhani anataka kusoma kabla hajala. Na wewe dada, usiweke sukari zaidi ili upunguze ubuyu. Jina lako liko humo.

Weka mashine ya kwanza mahali penye wageni na wenyeji pamoja. Skuli usiende na mia tano. Kwa mtoto wa skuli mia tano ni fedha yake ya chakula cha mapumziko, na sitaki aitie yote kwenye ubuyu.

Nina duka Mkunazini. Kijana kaniomba aweke mashine ya pipi mlangoni. Nimtoze kodi kwa mwezi au tugawane?
Mwenye Duka

Mgawane. Kodi itamuumiza masika, wakati watu hawapiti, na mwezi wa tatu ataondoa mashine. Ishirini katika mia ya kinachokutwa sandukuni ni mgawo wa haki. Marekani, ambako biashara hii ni ya zamani mno (mashine za chingamu zilikuwa kwenye vituo vya treni vya New York tangu 1888), wengi hugawana karibu na hapo, asilimia 20 hadi 25. Sanduku lifunguliwe mkiwa wote wawili, sarafu zihesabiwe kaunta, muandike, mtie saini. Wewe kwa upande wako ifute vumbi kila asubuhi na uichunge isipigwe na jua la mchana. Na ukubaliane naye mapema nani anamrudishia mtoto sarafu iliyokwama. Mimi nasema wewe, papo hapo, kutoka kwenye droo yako, na kijana akulipe siku ya hesabu. Mtoto asiambiwe arudi kesho.

Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani Chake Chake. Mashine zimewekwa njiani na watoto wanachelewa chuo. Nina maswali mawili. Pipi za mpira zina jelatini, tutajuaje ni halali? Na ile mashine ya mayai ya plastiki, mtoto hajui atapata nini, je si kamari?
Maalim

Wa alaykum salaam, Maalim. La pili hukumu yake si yangu, waulize masheikh. Nitakueleza ninavyofanya mimi. Kwangu hakuna yai tupu na hakuna zawadi kubwa ya kuvutia. Kila yai lina kitu cha thamani ile ile, na nje ya mashine nimebandika kitu chenyewe waone. Rangi tu ndiyo hawaijui. Mtu akitia saa moja na pete hamsini za bati ndani ya mashine moja, akaibandika ile saa mbele, mimi kwangu haiingii, na duka langu silitoi kwa mashine ya namna hiyo.

La jelatini ni swali zuri sana, na linagusa kasoro ya biashara nzima. Pipi ikiwa ndani ya pakiti yake, mzazi anasoma. Ikimiminwa kwenye tungi, maandishi yote yamebaki kwenye kasha stoo kwangu. Mteja hana cha kusoma. Kwa hiyo nakata ule upande wa kasha wenye orodha ya vilivyomo na tarehe ya mwisho, naubandika nyuma ya mashine ndani ya plastiki ngumu, na kila kasha jipya nabadilisha. Natamani wenye mashine wote wafanye hivyo. Siyo kwa halali tu, kuna mtoto ambaye njugu moja inamziba pumzi, na mama yake ana haki ya kujua.

Unaposoma, jelatini mara nyingine huandikwa kwa jina na mara nyingine kwa namba E441. Kama haikutajwa kuwa ni ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali, au ya samaki, mimi siinunui. Iliyoandikwa pektini ni ya matunda, haina tatizo. Tazama pia E120, rangi nyekundu inayotoka kwa mdudu, na E904, nta ya kung'arisha inayotokana na mdudu vile vile. Wapo wanaoziruhusu na wapo wanaozikataa. Mimi naandika zimo, kila mtu aamue kwa elimu yake. Kusema kweli pipi za mpira hazifai mashine za kwetu hata zikiwa halali. Joto linazilainisha, zinashikamana.

Kuhusu kuchelewa chuo, nakuunga mkono moja kwa moja. Mwambie mwenye mashine aisogeze, na akikataa niandikie. Mashine isiwe kati ya nyumba na chuo, na isiwe ndani ya ua wa skuli. Pipi ni kitu cha siku moja moja. Pia muulize kama kuna maji ya kunawa karibu. Pipi za kumimina zinaangukia kiganjani, na kiganja cha mtoto kimetoka kwenye mchanga. Kwangu nimening'iniza vikaratasi vya kukunja, kama vile vya njugu, na mtoto anakinga kwa karatasi. Karatasi iwe safi isiyoandikwa, gazeti lina wino.

Shangazi, Sikukuu inakuja na nina mashine mbili Amani. Nataka kuzipeleka Mnazi Mmoja. Watoto wanakuwa na fedha. Nipunguze kipimo kidogo kwa siku hizo?
Muuza Pipi, Amani

Usipunguze. Siku hiyo ndiyo watoto wengi wanaiona mashine yako kwa mara ya kwanza, na mwaka mzima watakumbuka ilivyowapa. Faida ya Sikukuu inatoka kwenye wingi wa mizunguko.

Shida yako itakuwa sarafu. Mtoto wa Sikukuu ana noti mkononi, kapewa na mjomba, na mashine haili noti. Kwa hiyo anza mapema. Wiki mbili kabla, sarafu unazozitoa kwenye mashine usizipeleke dukani, ziweke. Nenda benki uchukue nyingine. Kisha weka mtu kando ya mashine mwenye mkoba wa sarafu, kazi yake kuvunja noti tu, shilingi kwa shilingi, bila kukata chochote. Huyo ndiye atakayekuuzia, na awe mpole kwa watoto.

Peleka chingamu na pipi zilizovishwa. Njugu ziache nyumbani, uwanjani kuna njugu za moto za kila aina na huwezi kushindana nazo. Mashine zifunge kwenye kitako kizito au kwenye nguzo, umati wa jioni unasukuma. Jaza tungi zaidi ya kawaida, hizi ndizo siku pekee ninazoruhusu, kwa sababu zitakwisha usiku ule ule. Pima gurudumu mara kumi kabla hujatoka nyumbani na tena baada ya kufika, gari ikirusharusha skrubu zinalegea.

Na kwa kuwa Sikukuu inatanguliwa na mwezi mtukufu, mchana wa Ramadhani zifunike kabisa. Zifunue baada ya tarawehe, watoto wanapotoka kucheza. Mimi wakati huo natia kidogo sana, robo ya tungi, kwa sababu mauzo ni ya saa mbili tatu tu na zilizobaki zinakaa mchana kutwa ndani ya kitambaa chenye joto.

Sikukuu ya nne zirudishe Amani, zioshe, zikauke, na pipi zilizobaki ndani ya tungi zisirudi kwenye kasha la akiba.